Manukato ofisini yawekewe utaratibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wananchi wenzangu, na hasa wakuu wa kazi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, jambo ambalo wengi wataliona dogo lakini linawaondoa watu kazini kimyakimya. Jambo lenyewe ni harufu kali katika ofisi zetu: manukato ya kujipulizia, dawa za kunukiza vyumba, dawa za kudekia na nyinginezo za aina hiyo. Wanaoondolewa ni baadhi yetu tulio na usonji.

Najua wapo watakaocheka wakisoma mstari huo. Watasema nchi ina shida za maji, barabara na madawati, na huyu analalamikia marashi. Nawaomba wasome hadi mwisho, kisha wapime wenyewe kama ni jambo la kucheka.

Kwanza nieleze usonji ni nini, maana wengi wetu hatukufundishwa. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala haukuletwa na mama kumlea mtoto vibaya. Ni namna ubongo wa mtu ulivyo tangu utotoni, na mtu huwa nao maisha yake yote. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari zake mwaka 1943, na tangu hapo wataalamu wamejifunza mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo hakuna kata, shule wala kiwanda kikubwa kisichokuwa na mtu wa namna hii, ajulikane au asijulikane.

Kila tarehe 2 Aprili, tangu mwaka 2008, dunia huadhimisha siku ya kuelewa usonji. Siku hiyo tunasikia habari za watoto, na ni vizuri. Lakini watoto hukua. Wengine wao leo ni makarani, mafundi, wahasibu na walimu, na wengi walikua bila mtu yeyote kujua kwamba wana usonji. Waliitwa wakimya, wakaidi au wa ajabu. Mimi ni mmoja wao. Ni mtu mzima, nina familia, na kazi yangu ni kutunza majalada. Naipenda kazi hiyo, na jalada nililoliweka mimi halipotei.

Sasa nije kwenye harufu. Watu wengi wenye usonji hupokea sauti, mwanga, mguso na harufu kwa kiasi kisicho cha kawaida: wengine kidogo mno, wengine kupita kiasi. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mpya wa kutambua maradhi, jambo hili liliingizwa rasmi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo si hadithi niliyoitunga ili nipate huruma.

Mtu wa kawaida akiingia katika chumba chenye marashi, huyasikia kwa dakika chache, kisha pua huzoea na anasahau. Pua yangu haizoei. Harufu iliyoingia saa 1.30 asubuhi ipo vilevile saa 9 alasiri, kama mtu anayepiga debe karibu na sikio langu. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, maneno ninayosoma hayashikiki, na mtu akiniuliza jambo jepesi nashindwa kujibu. Wala si harufu mbaya tu. Waridi, limau la kutengenezwa kiwandani na udi mzuri vinaweza kunilaza kuliko taka za sokoni. Hivyo anayenishambulia kwa manukato ya bei kubwa anadhani ananifurahisha.

Hapa kwetu Mkuu, katika Wilaya ya Rombo, hali ya hewa inaongeza shida hiyo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unashuka kutoka mlimani, baridi ni kali, na madirisha ya ofisi hufungwa kutwa. Katika chumba kimoja wamo watu watano au sita. Mmoja amejipaka losheni yenye manukato, wa pili amejipulizia kutoka kopo, wa tatu ametoka kutengeneza nywele, sakafu imedekiwa kwa dawa kali, na mezani kuna kopo la kunukiza chumba. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Vyote pamoja, dirisha likiwa limefungwa, ni moshi usioonekana. Ndugu zetu wa Moshi mjini, ambako kuna joto, angalau hufungua madirisha. Lakini nako feni huchukua harufu ya mtu mmoja na kuigawa kwa wote.

Shida kubwa zaidi, Ndugu Mhariri, haiko puani. Iko mdomoni. Katika desturi zetu, kumwambia mtu mzima habari ya harufu ya mwili wake ni tusi. Ukimwambia mama wa makamo, "Shikamoo mama, naomba usijipake hayo mafuta," anasikia, "Wewe unanuka." Ukimwambia kijana, atakwambia unamwonea wivu kwa sababu ana uwezo wa kununua. Ukimwambia mkubwa wako wa kazi, umejitafutia uhamisho. Kwa hiyo mwenye shida hunyamaza. Anaanza kukwepa watu. Anakula peke yake, hakai katika mikutano, anatoka nje kila mara. Wenzake wanaona anaringa, au ana kisirani, au ana mambo ya kishirikina. Mwishowe anaacha kazi, na hakuna anayejua kwa nini.

Hayo si mambo niliyohadithiwa. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani, ambayo sina haja ya kuitaja, nilizoea kupeleka meza yangu barazani siku ambazo chumba kilikuwa kimepuliziwa. Kazi yangu nilimaliza kila siku. Lakini katika taarifa yangu ya mwaka iliandikwa kwamba sipatani na wenzangu na sifai kupewa dhamana. Nilipoeleza sababu, niliambiwa kwamba mwanamume hawezi kushindwa na marashi. Mkataba wangu ulipokwisha, haukuendelezwa.

Ofisi nyingine iliyofuata ilinipokea kwa namna tofauti. Mkuu wa kazi hakuwa daktari wala hakuwa amesoma vitabu vya usonji. Alinisikiliza, kisha akatoa tangazo kwa wafanyakazi wote, bila kutaja jina la mtu, kwamba katika chumba cha majalada hapatapuliziwa kitu, pataoshwa kwa maji na sabuni isiyo na manukato, na wanaoingia wasiwe wamejipulizia. Hakuna aliyeona ametukanwa, kwa sababu hakuna aliyesemwa. Nimefanya kazi hapo mwaka baada ya mwaka.

Tofauti ya ofisi hizo mbili ndiyo hoja yangu yote. Harufu kazini isiachwe iwe ombi la mtu kwa mtu. Iwe utaratibu wa kazi, kama saa ya kufika na namna ya kupanga majalada. Ombi la mtu kwa mtu linamvunjia heshima anayeombwa na linamdhalilisha anayeomba. Utaratibu haumvunjii mtu heshima.

Sisi wa mlimani tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Wachaga wanapokuwa na shauri zito la kuomba radhi, hawaendi mikono mitupu na maneno makavu. Mtu huenda na jani la isale, tena mara nyingi pamoja na wazee, na hapo hata aliyekasirika husikiliza. Wazee wetu waliona kwamba neno gumu linahitaji njia iliyokubaliwa na wote ili lisigeuke ugomvi. Ofisi nayo inahitaji njia yake.

Tena jamii yetu haishangai kwamba pua zinatofautiana. Mama mjamzito akisema hawezi kuvumilia harufu ya samaki, au hata ya sabuni ya mumewe, nani anamwambia anaringa? Samaki wanaondolewa, sabuni inabadilishwa, na maisha yanaendelea. Mtoto mwenye pumu akikohoa kwa ajili ya dawa ya mbu ya kuwasha, dawa inazimwa. Hatuwadai vyeti. Kinachotakiwa ni kumpa mwenye usonji imani ileile, ila kwake shida haiishi baada ya miezi michache.

Wapo watakaouliza kama sheria inasema lolote. Inasema. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 22, inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataka mwenye ulemavu afanyiwe marekebisho yanayomfaa, mradi yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa mwajiri. Kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

Sheria hizo ni nzuri. Lakini tunaposikia neno "marekebisho", mawazo yetu yanakwenda kwenye ngazi za kiti cha magurudumu na vitabu vya maandishi ya vipofu. Hayo ni ya lazima na bado hayajatosha. Ila kuna ulemavu usioonekana kwa macho, na marekebisho yake hayahitaji saruji wala fundi. Chumba kisichopuliziwa manukato hakimgharimu mwajiri hata shilingi moja. Kwa kweli kinampunguzia gharama, kwa sababu yale makopo hununuliwa kwa fedha za ofisi.

Wala si jambo geni duniani. Huko Detroit, Marekani, mfanyakazi mmoja wa halmashauri ya jiji aliishitaki halmashauri hiyo kwa sababu manukato ya mwenzake yalimzuia kupumua vizuri na kufanya kazi. Yeye hakuwa na usonji, shida yake ilikuwa ya pumzi, lakini chanzo kilikuwa hikihiki. Mwaka 2010 shauri liliisha kwa makubaliano: alilipwa dola 100,000, na halmashauri ikakubali kuwataka wafanyakazi wake wasijipulizie manukato kazini. Sitaki tufike huko. Nasema tu kwamba ni afadhali kutoa tangazo la mistari mitatu kuliko kusubiri kesi.

Hapa kwetu pia tumeshabadilika mara moja. Wenye umri wangu wanakumbuka watu wakivuta sigara ndani ya mabasi na maofisini, na asiyevuta akiambiwa afungue dirisha kama hapendi. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku, na hewa katika sehemu za umma ikaanza kuhesabiwa kuwa ya watu wote. Wavutaji hawakunyimwa uhuru wao. Walionyeshwa mahali pa kuutumia. Najua manukato si tumbaku na hayaleti madhara yaleyale. Lakini kanuni ya hewa ya chumba cha pamoja ni hiyohiyo.

Sasa nijibu mambo matatu ambayo nimezoea kuambiwa.

La kwanza ni kwamba manukato ni sehemu ya utamaduni wetu. Ni kweli. Hii ni nchi ya karafuu na kahawa. Pwani na Visiwani mgeni anapokewa kwa udi na marashi, na bibi harusi hawezi kuingia nyumbani bila kufukizwa. Sidai mila hiyo iguswe. Harusini, nyumbani, msikitini, kanisani na matembezini kila mtu anukie apendavyo. Mimi nitajua nikae wapi au nisiende. Ofisini siwezi kuchagua, maana hapo ndipo ninapopatia chakula cha watoto wangu.

La pili ni kwamba watu wataacha kuwa nadhifu. Unadhifu na manukato ni vitu viwili. Mtu aliyeoga kwa maji na sabuni na kuvaa shati lililofuliwa ni nadhifu hata kama hanukii kitu. Wengine hujipulizia badala ya kuoga, na hao hawakuleta usafi, wameleta harufu mbili.

La tatu ni kwamba kila mtu ataanza kudai lake: huyu hataki harufu, yule hataki sauti, mwingine hataki taa. Nami nasema adai, na asikilizwe. Yanayowezekana bila kuharibu kazi yafanywe, yasiyowezekana aelezwe kwa heshima. Siwezi kudai kwamba wananchi wanaokuja kaunta kuhudumiwa wanuswe mlangoni. Wamefunga safari kutoka Tarakea, Useri au Mashati, nao wana haki ya kuhudumiwa walivyo. Ninachoweza kudai ni kwamba mimi niwekwe chumba cha ndani na mwenzangu asiyesumbuliwa awekwe kaunta.

Mwenye shida naye asikae akingoja kufanyiwa. Mimi hufika mapema na kufanya kazi inayohitaji akili nyingi kabla chumba hakijajaa. Nakaa karibu na dirisha, na katika baridi navaa koti zito ili niweze kulifungua kidogo. Nina barakoa mfukoni, ingawa inapunguza tu, haizuii. Nikizidiwa natoka nje dakika 5 kabla sijashindwa kusema, na mwenzangu mmoja anajua maana yake, hivyo haniulizi. Safari ya basi kutoka Mkuu kupitia Mwika na Himo hadi Moshi naifanya siku ambayo sina kazi ngumu mbele yangu, maana nikifika huwa nimechoka kama niliyelima. Nawashauri wenzangu wafanye kadiri wanavyoweza. Lakini mfanyakazi anayetumia nusu ya nguvu zake kujikinga anamletea mwajiri nusu tu iliyobaki, na hiyo ni hasara ya wote.

Hivyo basi, napendekeza haya yafuatayo.

Mosi, kila ofisi yenye chumba cha watu wengi iache kununua na kupulizia dawa za kunukiza hewa. Kama chumba kinanuka, itafutwe sababu, kifunguliwe na kisafishwe.

Pili, kudeki kwa dawa kali na kupaka rangi kufanywe jioni au siku za mapumziko, madirisha yakiwa wazi.

Tatu, katika maelezo anayopewa mfanyakazi mpya, pamoja na mambo ya mavazi na muda wa kazi, uongezwe mstari kwamba manukato makali yasitumiwe vyumbani mwa kazi. Uandikwe kwa wote, usiandikwe kwa ajili ya mtu.

Nne, mfanyakazi mwenye usonji aweze kumweleza mkuu wake kwa siri, na siri hiyo itunzwe. Asilazimishwe kujieleza mbele ya wenzake.

Tano, mabaraza ya wafanyakazi yalizungumze jambo hili, na vyama kama TUGHE na TALGWU vilichukue kama vinavyochukua mambo ya mishahara na likizo. Wakaguzi wa OSHA wanapopita kuangalia ngazi na mitungi ya kuzimia moto, waulize pia habari za hewa ya vyumbani. Nalo SHIVYAWATA linapowasemea watu wenye ulemavu lisitusahau sisi ambao ulemavu wetu hauonekani.

Sita, taarifa za mwaka za wafanyakazi zipime kazi. Mtu asiyekula chai ya saa 4 pamoja na wenzake si lazima awe hana ushirikiano. Aulizwe kwanza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi, na asiwe mnyonyaji wa jasho la wengine. Wengi wetu wenye usonji uwezo tunao na nia tunayo. Hatutaki kukaa nyumbani tukilishwa na ndugu. Ni aibu kwa taifa kumsomesha mtu, kumpa cheti, kisha kumpoteza kwa sababu ya kopo la kunukiza chumba.

Nawaomba wakuu wa kazi watakaosoma barua hii wasingoje mtu awaendee. Huenda huyo mtu yumo ofisini mwao sasa hivi, amekaa karibu na dirisha, nao wanadhani anaringa.

Nawasilisha.

Mtunza Majalada,
Mkuu, Rombo.